Ramani ya Uzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchora hata mstari mmoja. Nilichonga penseli. Mzee Kassimu, aliyekuwa mkuu wa wachoraji ramani pale ofisini kwetu Mchafukoge, aliniwekea mezani kopo lililojaa penseli na wembe mmoja, akasema, "Chonga zote, halafu unionyeshe." Nilipompelekea alizitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia karibu nusu. "Hizi za kuandikia barua ya mapenzi," akasema. "Rudia."

Ninyi mliobaki pale mmeniomba niandike niliyoyaona, na nimekubali kwa sababu tangu nistaafu mke wangu amechoka kunisikia nikisahihisha ngazi za majirani. Habari za vyeo sina. Niliingia mchoraji nikatoka mchoraji, na kati ya hapo na hapo nimekula mihogo mingi ya kukaanga ya pale chini ya ofisi. Nitasema yale yaliyonifanya niheshimu kazi hii, na moja kati ya hayo nitalisema kwa urefu.

Wazazi wangu walitoka Masasi. Nililelewa Magomeni, chumba kimoja, katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji watano na choo kimoja uani. Mpaka naajiriwa sikujua kwamba nyumba huanzia kwenye karatasi. Nilidhani fundi huja na kamba na vigingi, akauliza mwenye nyumba anataka vyumba vingapi, basi. Kwa hiyo Mzee Kassimu aliponionyesha ramani kwa mara ya kwanza nilimuuliza hiyo ni picha ya nini. Hakunicheka. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye mlango wa ofisi, kisha akanirudisha mezani na kuniwekea kidole juu ya karatasi. "Uko hapa," akasema. Nikahisi kama mtu aliyeonyeshwa nafsi yake kutoka juu ya paa.

Enzi hizo tulichora kwa kalamu za wino juu ya tresing, ile karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Ukikosea, unakwangua wino kwa wembe, taratibu, kama unamnyoa mtoto wa siku arobaini. Ukikwangua mara tatu mahali pamoja karatasi inatoboka, na kazi ya wiki nzima imekwenda. Baadaye ramani iliingizwa kwenye mtambo wa kuchapishia uliotumia amonia, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Wote tulikuwa tukitoka mle na machozi bila msiba. Nimewahi kujiuliza ofisi ya wasanifu majengo ilikosaje dirisha, lakini mganga hajigangi.

Somo kubwa alilonipa Mzee Kassimu lilikuwa unene wa mistari. "Ukuta uchore mnene," alisema, "kwa sababu mtu akiugonga ataumia. Mlango uchore mwembamba, kwa sababu atapita. Kilicho juu ya kichwa chake, kama boriti, kiweke nukta nukta. Hata asiyejua kusoma, akiishika ramani yako ajue wapi ataumia na wapi atapita." Nililikariri hilo kama mtoto wa madrasa, ingawa mimi ni mtu wa kanisani.

Nyumba ya kwanza niliyoichora mwenyewe ikajengwa ilikuwa ya mwalimu mmoja, vyumba viwili na sebule. Nilikwenda kuiangalia siku ya Jumapili nikiwa na viatu vya misa. Nikasimama sebuleni. Dirisha ambalo kwenye karatasi lilikuwa na upana wa ukucha wa dole gumba lilikuwa limefunguka ukutani, na upepo wa kweli unaingia, pazia linacheza. Mwalimu akaniuliza kama kuna kasoro. Nikamwambia hapana, nasikilizia tu. Mshangao ule haukunitoka tena. Wenzangu wengine waliuzoea wakabaki na uchovu. Mimi Mungu alinibakizia.

Mzee Kassimu alistaafu kompyuta ya kwanza ilipoingia ofisini. Hakuichukia. Aliizunguka, akatazama kioo, akauliza, "Ikikosea, unakwangua wapi?" Tukamwambia unabonyeza tu, kosa linafutika. Akatikisa kichwa, akasema basi watu watakosea sana. Nilijifunza kompyuta nikiwa na mvi za kwanza, nikifundishwa na watoto walioniita mzee huku wakiniambia nimebonyeza vibaya.

Baada ya miaka mingi ofisi ikashikwa na Bi. Neema, msanifu aliyekuwa na umri wa binti yangu mkubwa. Wakati ofisi nyingine zinakimbilia maghorofa marefu ya Kariakoo, yeye alipenda nyumba ndogo: viwanja vyembamba, vipande vilivyosalia, mahali ambapo wengine wanasema hapajengeki. Alisema ghorofa kumi mtu anachora moja akairudia, lakini nyumba ndogo haina pa kujificha, kila sentimita inaulizwa ina kazi gani. Nilimpenda kwa kauli hiyo. Naye ndiye aliyeniingiza katika kesi ya Bi. Mwanaidi.

Alikuja kwanza binti yake, Hadija, mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Alikaa mbele yetu akaeleza haraka haraka, kama mtu aliyeacha duka wazi. Nyumba yao ya urithi ilikuwa nusu nyumba. Upande mmoja ulikuwa wa baba yake mkubwa, na warithi wake waliuza zamani. Ukuta ukakatwa katikati kama mkate. Vimebaki vyumba vitatu, ukumbi mwembamba na uani. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa. Mnunuzi anataka kipande kile pia. Kaka zake wawili wanataka kuuza. Yeye anataka wajenge nyumba ndogo ya ghorofa mbili, chini duka, juu wakae na mama yao.

"Na mama anasemaje?" Bi. Neema akauliza.

"Mama ndiye mwenye jina kwenye hati," Hadija akasema. "Na mama haoni. Ni mwaka wa nane sasa."

Tulikwenda kupima kesho yake. Nikapiga hodi, nikaamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Piteni."

Alikuwa amekaa ukumbini kwenye mkeka, mwembamba, kanga imefungwa vizuri, anadarizi kofia. Nilidhani nimeona vibaya. Sindano ilikuwa ikiingia na kutoka kwenye kitambaa cheupe, kidole cha mkono wa kushoto kikitangulia kutafuta njia, tundu baada ya tundu. Nilivuta futi kamba kuelekea chumba cha mwisho, nikarudi kinyumenyume kama tunavyofanya wapimaji, nikajikwaa kwenye kigoda nikakaa chini bila kutaka.

"Kigoda hicho kiko hapo tangu mume wangu yuko hai," Bi. Mwanaidi akasema bila kuinua uso. "Wewe una macho lakini huangalii."

Kisha akaondoka kututengenezea chai. Alitembea ukumbini, akashuka uani, akakwepa kamba ya kuanikia nguo kwa kuinamisha kichwa, akafika jikoni, akawasha jiko. Hakugusa ukuta. Nilisimama na futi kamba mkononi nikimtazama kama ninavyotazama daraja kubwa. Nyumba ile yote alikuwa nayo kichwani, kwa vipimo sahihi kuliko nilivyokuwa navyo mimi kwenye daftari.

Bi. Neema alichora nyumba nzuri. Kwa kuwa kuta za pande zote mbili zilikuwa za majirani, mwanga usingeweza kuingia ubavuni, basi akaacha uwazi katikati ya nyumba kuanzia sakafu ya chini hadi angani, na ngazi ikazunguka ule uwazi kama nyoka kwenye mti. Mbele na nyuma akaweka kuta za matofali ya matundu ili upepo upite. Chumba cha Bi. Mwanaidi tulikiweka chini, nyuma ya duka. Tukajiona tumefanya la maana.

Tulikwenda kumsomea. Hadija alikuwepo, na kaka zake wamekaa mlangoni kama watu wa kusubiri gari. Bi. Neema akaeleza kwa upole: hapa sebule, mita tatu kwa nne, hapa jiko, hapa mlango. Bi. Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia maneno," akasema. "Nyumba sijaisikia."

"Mama, wewe weka dole gumba tu, sisi tutakuonyesha ikishajengwa," Hadija akasema.

"Utanionyesha nini mimi?" Hakusema kwa hasira. "Humu ndani natembea peke yangu. Nachemsha maji peke yangu, naoga peke yangu. Mkiivunja, nitaingia kwenye nyumba nisiyoijua, nitakaa kwenye kitanda nikisubiri mtu anishike mkono mpaka nife. Bora kuuza, nikakae kwa mdogo wangu Magomeni. Kule angalau najua nimo kwenye nyumba ya mtu."

Kaka mmoja akatazama saa yake. Hadija akainama, akaanza kukunja ncha ya ushungi wake. Nilielewa kwamba kipande kile kitauzwa wiki hiyo hiyo, na kwamba hakuna aliyekuwa na kosa.

Sikumbuki niliamua saa ngapi. Nakumbuka nilikuwa namwangalia vidole. Alikuwa na kofia mapajani, na wakati watoto wake wanabishana alipapasa mstari alioushona asubuhi, akasimama mahali, akafumua nyuzi tatu, akazishona upya. Alikuwa ameliona kosa. Nikasema, "Mama, tupe siku kumi. Usiuze kwanza."

Nje Bi. Neema akaniuliza, "Mzee Bene, siku kumi za nini?"

"Za kushona," nikamwambia.

Nilinunua kitambaa cha marekani na nyuzi palepale Kariakoo, nikakuza ramani hadi hatua moja ya mtu ikawa sawa na upana wa vidole viwili, nikaipiga kwa penseli juu ya kitambaa, kila sakafu kipande chake. Nikaanza kushona nyumbani jioni. Mke wangu alinitazama siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Vifungo vya mashati yako vinanisubiri mimi, lakini nyumba za watu unazishona." Kisha akaninyang'anya sindano akanifundisha kufunga fundo lisilofumuka.

Nilimpelekea Bi. Mwanaidi kipande cha kwanza. Akakipapasa, akarudia, akakunja uso. "Kazi ya mikono mizuri," akasema. "Lakini yote sawa. Sijui nisimame wapi."

Nikarudi ofisini nimenyong'onyea. Nilikuwa nimeshona kila kitu kwa uzi mmoja: ukuta, mlango, kitanda, ngazi. Nikamkumbuka Mzee Kassimu, marehemu sasa, na maneno yake ya wapi ataumia na wapi atapita. Miaka yote nilikuwa nikifuata kanuni ile nikidhani ni ya macho. Nikafumua yote. Kuta nikazishona kwa uzi mnene wa pamba, mara mbili. Milango kwa uzi mwembamba wa hariri, ukiwa na upinde unaoonyesha mlango unafungukia wapi. Kila kipandio cha ngazi nikakiwekea fundo. Uwazi wa katikati nikaukata kabisa kwa mkasi nikaupindia, ili kidole kikifika hapo kizame.

Safari hii alikiweka mapajani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kutembea. Viliingia mlango wa mbele, vikapita dukani, vikafika penye uwazi, vikasita ukingoni. "Hapa pana shimo," akasema.

"Pana anga, mama. Mwanga na upepo vinashukia hapo."

Vidole vikazunguka ukingo, vikaingia chumbani kwake, vikatoka, vikaingia bafuni. Vikarudi mlangoni. "Bwana Ramani, mlango huu wa chumba na huu wa bafu inafungukia pamoja. Nikitoka na mtu anatoka, tutapigana."

Nikainama kuangalia. Mlango ulikuwa unagonga mlango. Mimi niliuchora, Bi. Neema aliukagua, kompyuta iliuchapisha, na sote tulikuwa na macho.

Kisha akapanda ngazi, fundo kwa fundo, akihesabu kwa midomo. Kwenye kona ya kwanza akasimama. Akarudi chini, akapanda tena, akasimama palepale.

"Chumba changu nakitaka juu," akasema. "Huku chini upepo umekwisha, maghorofa yameuziba. Nausikia siku hizi unapita juu ya bati tu. Lakini nikiwa juu, kuna siku sitashuka kwa miguu yangu. Jeneza litapita wapi hapa?"

Ukumbi wa nyumba ya Kiswahili umenyooka kutoka uani hadi barazani, na mauti yakifika watu hubeba na kutoka. Jambo hilo halikuwahi kuhitaji kufikiriwa, kwa sababu waliobuni nyumba zile walikwisha kulifikiria. Nikachukua rula nikapima kona ya ngazi yetu. Jeneza lisingepinda. Wangelazimika kumsimamisha wima, au kumshusha kwa kamba kupitia ule uwazi tuliojivunia.

Bi. Neema aliketi chini kwenye mkeka, karibu naye, akavua miwani. "Mama, nisamehe," akasema. "Nilifikiri unavyoishi tu."

"Wewe bado mtoto," Bi. Mwanaidi akamjibu. "Fikiria hivyo hivyo, lakini na hili uliongeze."

Bi. Neema alijifungia siku tatu. Alipotoka, chumba cha Bi. Mwanaidi kilikuwa kimehamia juu, na ngazi ilikuwa imenyooka, imeegemea ukuta wa jirani mmoja kutoka nyuma hadi mbele, ghorofa juu ya ghorofa, pana kwa watu wawili kwenda sambamba. Na kwa kuwa ngazi haikuzunguka tena ule uwazi, uwazi ukanyooka na kurefuka, na mwanga ukapata kushuka hadi kwenye sakafu ya duka. Nyumba ilikuwa bora mara mbili. Tuliitazama kwenye kioo cha kompyuta, mimi na yeye, tukapeana mkono kama watu waliofiwa.

Nilishona upya. Bi. Mwanaidi akasoma kutwa nzima, sakafu ya chini hadi paa. Kisha akawaita wanawe wote watatu, akatia dole gumba. Kaka mkubwa alimuuliza kama ana hakika. Akasema, "Nimeshatembea humo. Wewe je?"

Alikwenda kukaa Magomeni wakati wa ujenzi na vitambaa vyake. Kazi alipewa Fundi Chande, mtu hodari mwenye ugonjwa wa kutoeleza. Nilikuwa napita pale kila nikishuka kutoka ofisini, nikishika timazi na pima maji zaidi ya nilivyotakiwa, mpaka Chande akaniuliza kama nimehamishiwa kwake.

Siku aliyorudi tulikuwa wote: Hadija na kaka zake, Bi. Neema, Chande na vijana wake, mimi. Alishuka kwenye bajaji akiwa na fimbo. Alipogusa mlango wa mbele kwa kiganja, alimpa Hadija fimbo. Hadija akataka kumshika kiwiko. Akamwondoa taratibu, kama anayeondoa uzi kwenye nguo.

Akaingia. Akapita dukani, akafika penye uwazi, akasita hatua moja kabla ya ukingo, akainua uso mwanga ukamwangukia. Akageuka, akapata ngazi, akaanza kupanda. Tukamfuata kwa mbali. Nilisikia watu wanavyopumua. Ngazi ya kwanza akamaliza bila kosa. Ya pili akapanda, akafika juu, akasimama.

"Hapa mmeongeza kimoja," akasema.

Nikamtazama Chande. Niliijua ramani ile kama sala ya Baba Yetu: vipandio kumi na sita. Chande akajikuna shingo. "Zege la sakafu lilipanda kidogo," akasema polepole. "Nikaona nigawanye upya viwe kumi na saba, vilingane. Sikumwambia mtu."

Nilishuka nikahesabu. Kumi na saba. Nilikuwa nimepanda ngazi ile mara nyingi kwa macho yangu na pima maji mkononi. Sioni aibu kuwaandikia kwamba nilikaa kidogo kwenye kipandio cha chini, nikisingizia kufunga kiatu.

"Si kosa," nilimsikia akimwambia Chande huko juu. "Nimeshakiongeza kichwani. Lakini siku nyingine sema."

Aliingia chumbani kwake, akagusa dirisha, akagusa pale kitanda kitakapokaa, akafungua mlango, ukafunguka bila kugonga kitu. Kisha akataka kwenda juu ya paa. Wengine walibaki wakisaidiana kupandisha godoro, nikapanda naye mimi. Paa lilikuwa la zege, limezungushiwa ukuta wa kifuani. Pande zote maghorofa yametuzidi, viyoyozi vinadondosha maji, na chini kelele za Kariakoo, wauzaji wanaita bei, mikokoteni inaomba njia. Upepo ulikuwa ukipita katikati ya majengo yale mawili makubwa na kushuka ndani ya uwazi wetu. Ukisimama pale ulikuwa unausikia unaingia nyumbani.

Aligeuza uso upande wa upepo. Kisha akasema, "Bwana Ramani. Nyumba inapendeza?"

Hakuwahi kuuliza hivyo. Miezi yote ile aliuliza upana, milango, maji ya mvua yatakwenda wapi. Mimi kazi yangu ni vipimo. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao: matofali ya matundu mbele yamepangwa vizuri, rangi nyeupe, ila ukuta wa ngazi plasta yake ina mawimbi, Chande hakuinyoosha.

"Hayo mawimbi nimeyashika," akasema. "Nimekuuliza, inapendeza?"

Nikatazama chini ndani ya uwazi. Mwanga ulikuwa umefika mpaka dukani, na Hadija alikuwa amesimama katikati yake akiita wabeba godoro, hajui kama anatazamwa.

"Inapendeza, mama," nikasema.

"Haya," akasema. "Basi nitakaa."